Mwakilishi wa Usalama wa Chama cha Wafanyakazi: Mwongozo wa Kazi Yake

Mwakilishi wa usalama ni mfanyakazi aliyechaguliwa na wenzake, kwa kawaida kupitia tawi la chama cha wafanyakazi, ili afuatilie mambo yanayoweza kuwaumiza au kuwatia maradhi wakiwa kazini, na kumtaka mwajiri ayarekebishe kabla hayajaleta madhara. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mfanyakazi aliyekwisha kupewa dhamana hiyo au anayefikiria kuigombea, na umejengwa juu ya hoja moja, kwamba nguvu ya mwakilishi hutokana na uwezo wa kuyageuza yale wanayoyajua wafanyakazi kuwa maandishi ambayo mwajiri hana budi kuyajibu. Sheria zinazorejelewa zaidi ni za Tanzania Bara, na pale inapofaa zinalinganishwa na za Kenya na Uingereza; Zanzibar ina sheria zake za kazi, na mwakilishi wa huko hana budi kuanza na hizo.

Cheo na mipaka yake

Mahali pengi cheo hiki huchanganywa na cha afisa usalama, ilhali ni vyeo viwili vyenye mabwana tofauti. Afisa usalama huajiriwa na kulipwa ili amsaidie mwajiri kutimiza wajibu wake wa kisheria, wakati mwakilishi huwajibika kwa wale waliomchagua. Afisa akimkuta mfanyakazi hana kofia ngumu, anaweza kumwonya na kuandika jina lake; mwakilishi akiikuta hali hiyohiyo, huuliza kwanza kama kofia zilitolewa, kama zinamkaa kichwani, na kama iliyopo haijapasuka tangu mwaka jana. Mwakilishi anayegeuka askari wa kuwakamata wenzake hupoteza upesi kitu ambacho afisa hawezi kukipata kwa urahisi, nacho ni habari anazopewa kwa kunong'onezwa na watu wasiomwogopa.

Mpaka wa pili unahusu dhamana. Wajibu wa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama ni wa mwajiri, na haumhamii mwakilishi kwa sababu tu ameshiriki ukaguzi au ameketi kwenye kamati. Kanuni za Uingereza za mwaka 1977 kuhusu wawakilishi wa usalama zinalisema jambo hili waziwazi, kwamba majukumu anayopewa mwakilishi hayamwongezei wajibu wa kisheria zaidi ya ule alio nao kama mfanyakazi mwingine yeyote. Somo lake linafaa popote: mwakilishi asitie saini hati yoyote inayothibitisha kwamba eneo fulani ni salama, bali saini yake ithibitishe kwamba alikuwapo, siku fulani na saa fulani, na kwamba aliyaona yale yaliyoorodheshwa.

Msingi wa kisheria

Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue kwa maandishi wawakilishi wa usalama na afya kwa kipindi maalumu. Utekelezaji wake husimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake, OSHA. Msomaji makini ataona kwamba kalamu ya uteuzi imewekwa mkononi mwa mwajiri, na hapo ndipo hutokea mwakilishi ambaye wafanyakazi humfahamu siku ya ukaguzi tu, jina lake likiwa limebandikwa ukutani bila mtu kuulizwa.

Pengo hilo huzibwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo katika kifungu cha 62 inawapa wawakilishi wa chama mahali pa kazi haki ya kuwasemea wanachama katika masuala ya kanuni, afya, usalama na ustawi. Kwa hiyo hata pale ambapo mwajiri amemteua mtu wake, tawi halijanyang'anywa sauti. Ya pili ni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi, ambamo chama kinaweza kuingiza kifungu kinachosema kwamba mwajiri atawateua wale tu waliopigiwa kura na wafanyakazi, kwamba watapewa muda wa ukaguzi na mafunzo bila kukatwa mshahara, na kwamba kila hoja yao itajibiwa kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa. Kifungu cha namna hiyo hakimgharimu mwajiri fedha nyingi, na kwa sababu hiyo ni rahisi kukipata kuliko nyongeza ya mshahara.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imejikita zaidi katika kamati, ambayo ni ya lazima panapokuwa na watu 20 au zaidi. Kimataifa, Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unaweka msingi wa ushirikiano kati ya menejimenti na wafanyakazi katika jambo hili, na mwezi Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama ya kazi katika orodha ya kanuni na haki za msingi kazini, pamoja na uhuru wa kujiunga na vyama na marufuku ya kazi za shuruti.

Nani achaguliwe

Sifa ya kwanza ni kuijua kazi yenyewe. Kanuni za Uingereza zinapendelea mtu aliyekaa na mwajiri huyo, au katika kazi ya aina hiyo, kwa walau miaka 2, kwa kuwa mgeni huona mashine lakini haoni njia za mkato ambazo watu wameizoesha mikono yao. Sifa ya pili ni kuaminiwa na zamu zote, ikiwemo ya usiku, pamoja na makundi ambayo chama huyasahau: vibarua wa siku, walinzi na wafanya usafi walioletwa na wakala, na wanawake, ambao mara nyingi hupewa vifaa vilivyokatwa kwa kipimo cha mwili wa mwanamume. Penye idara nyingi ni afadhali wawakilishi watatu wa kawaida, kila mmoja akiwa kwenye idara yake, kuliko bingwa mmoja anayekimbia huku na huko.

Daftari na ukaguzi

Chombo cha kwanza cha mwakilishi ni daftari gumu lenye kurasa zilizotiwa namba, ili ukurasa uliochanwa ujulikane. Kila ukurasa ugawanywe katika safu sita: tarehe na saa, mahali, kilichoonekana au kilichosemwa, aliyearifiwa, jibu lake, na tarehe ya marekebisho. Safu mbili za mwisho ndizo zenye thamani kubwa, kwa sababu mwajiri anayeweza kudai kwamba hakuwahi kujua atashindwa kudai hivyo mbele ya safu ya majibu iliyobaki tupu kwa miezi mitano.

Ukaguzi wa kawaida ufanyike walau mara moja kila miezi mitatu, kipindi ambacho kanuni za Uingereza zinamruhusu mwakilishi kukagua baada ya kumwarifu mwajiri kwa maandishi, na urudiwe kila panapoletwa mashine mpya, kemikali mpya au mpangilio mpya wa zamu. Taarifa itolewe kama taratibu zinavyotaka, lakini mwakilishi akumbuke kwamba sakafu iliyodekiwa asubuhi ya ukaguzi haielezi hali ya sakafu saa 9 usiku. Kwa hiyo ukaguzi rasmi uambatane na matembezi yasiyo na shamrashamra: mwisho wa zamu watu wanapokuwa wamechoka, siku ya kupakia mzigo wa haraka, na wakati wa kusafisha mashine, ambapo kinga zake hufunguliwa.

Katika ukaguzi ni muhimu kutofautisha kihatarishi na hatari. Kihatarishi ni kitu au hali yenye uwezo wa kudhuru, kama mkanda wa mashine unaozunguka. Hatari ni uwezekano wa madhara hayo kutokea pamoja na ukubwa wake, kwa kuzingatia nani anapita karibu, mara ngapi na kwa muda gani. Tofauti hii humwezesha mwakilishi kupanga hoja zake kwa uzito badala ya kupeleka orodha ya mambo 40 ambamo mwajiri atachagua kurekebisha balbu iliyoungua na kuacha mengine.

Vipimo vingine havihitaji vifaa. Watu wawili waliosimama mita 2 mmoja kutoka kwa mwenzake wakilazimika kupaza sauti ili wasikilizane, kelele inaelekea kufika desibeli 85. Wakilazimika kufanya hivyo kwa umbali wa mita 1, inaelekea kufika 90, kiwango ambacho kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2005 hazimruhusu mfanyakazi kukizidi kwa wastani wa saa 8 katika siku. Jaribio hilo si ushahidi wa kitaalamu, ila ni sababu tosha ya kudai kipimo kifanywe na mtaalamu.

Kusikiliza kwa utaratibu

Ajali huonekana, lakini magonjwa yatokanayo na kazi hujificha, kwa kuwa kila mgonjwa hudhani maumivu ni yake peke yake. Njia rahisi ya kuyafichua ni ramani ya mwili. Mwakilishi huchora umbo la mwili, mbele na nyuma, kwenye karatasi kubwa za manila, kisha kila mfanyakazi wa idara hutia alama mahali panapomuuma, bila kuandika jina. Katika kiwanda cha katani, ambako robota moja huwa na kilo 250 na husukumwa kwa nguvu za watu, alama za wapakizi zikijazana kiunoni wakati za watu wa chumba cha brashi, ambamo nyuzi za mkonge zilizokauka husuguliwa na kutoa vumbi jingi, zimejazana kifuani na machoni, karatasi hiyo imekwisha kusema jambo ambalo malalamiko ya mtu mmoja mmoja yasingeweza kulisema. Habari za afya za mtu binafsi zibaki siri. Kinachopelekwa kwa mwajiri ni idadi na mahali, kamwe si majina, isipokuwa mwenyewe ameridhia.

Kuandika hoja

Hoja nyingi hufa kwa sababu zimeandikwa kama lawama. Tuseme chumba cha brashi cha kiwanda hicho cha katani kimezidi kuwa kibaya. Mwakilishi akiandika kwamba chumba kina vumbi sana na mwajiri hajali, atajibiwa kwamba katani ndivyo ilivyo. Akiandika kwamba Jumanne saa 4 asubuhi feni mbili kati ya nne za kufyonza vumbi zilikuwa zimesimama, kwamba wafanyakazi sita walikuwa wamejifunga vipande vya kanga puani kwa kukosa barakoa, kwamba jambo hilo liliripotiwa kwa msimamizi wiki tatu zilizopita, na kwamba tawi linaomba feni zitengenezwe kufikia Ijumaa ya wiki ijayo na kiwango cha vumbi kipimwe, basi kila sentensi ya barua ina jibu lake, na ukimya nao unakuwa jibu.

Katika kupendekeza suluhisho, mwakilishi afuate ngazi za udhibiti, yaani mpangilio wa hatua kuanzia iliyo imara zaidi hadi iliyo dhaifu zaidi. Ya juu kabisa ni kukiondoa kihatarishi, inayofuata ni kukibadilisha kwa kisicho na madhara makubwa, ya tatu ni kumtenga mtu na kihatarishi kwa ufundi, kama kinga ya mashine au feni ya kufyonza vumbi penye chanzo chake, ya nne ni kubadili mpangilio wa kazi, kama kupunguza saa za kukaa eneo hilo, na ya mwisho ni vifaa kinga. Waajiri wengi huanzia chini kwa kuwa barakoa ni rahisi kununua, ilhali barakoa humtegemea mtu aliyechoka, katika joto, aivae sawasawa kwa saa 8 bila kuivua. Vifaa kinga vikubaliwe kama kinga ya muda huku hatua ya juu ikidaiwa kwa tarehe.

Ndani ya kamati

Kanuni za Kenya za mwaka 2004 kuhusu kamati za usalama na afya zinataka pande mbili zilingane kwa idadi, walau watatu kila upande panapokuwa na wafanyakazi 20 hadi 100, na kamati ikutane walau mara moja kila miezi mitatu. Usawa wa viti peke yake hauleti usawa wa nguvu. Wawakilishi wa wafanyakazi wakutane wao kwa wao kabla ya kikao, wakubaliane hoja mbili au tatu, na nani ataisema ipi. Wadai yatokanayo na kikao kilichopita yajadiliwe mwanzoni, na wasikubali suala zito lisukumwe hadi kwenye mengineyo, ambako hufikiwa wakati chai imepoa na mwenyekiti ameshika funguo za gari. Muhtasari utaje kwa kila uamuzi mhusika na tarehe ya mwisho. Uamuzi usio na mtu wala tarehe hauna wa kuulizwa.

Juhudi hizi zina matunda yanayopimika. Uchunguzi wa Reilly, Paci na Holl, uliochapishwa mwaka 1995 kwa kutumia takwimu za viwanda vya Uingereza, ulionyesha kwamba mahali penye kamati za pamoja ambamo wawakilishi wote wa wafanyakazi waliteuliwa na vyama palikuwa na majeruhi wachache zaidi kuliko pale ambapo menejimenti iliamua peke yake.

Ajali inapotokea

Baada ya kumwokoa majeruhi na kuondoa hatari iliyobaki, mwakilishi ahakikishe eneo halivurugwi, achukue picha na vipimo, na aandike maneno ya walioshuhudia siku hiyohiyo kabla kumbukumbu hazijapatanishwa. Afuatilie kwamba taarifa imefika kwa mamlaka: nchini Kenya ajali iliyosababisha kifo hutakiwa kuarifiwa ndani ya saa 24, na maandishi kufuata ndani ya siku 7, na Tanzania Bara madai ya fidia hupelekwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Matukio ya nusura nayo yaandikwe, yaani yale ambayo mzigo ulianguka lakini haukumpata mtu, kwa kuwa chanzo chake ni kilekile na tofauti ni bahati tu.

Uchunguzi usikubaliwe kuishia kwenye neno uzembe. Tuseme mfanyakazi amepoteza vidole akitoa nyuzi zilizonasa kwenye korona, mashine ya kukamua majani ya mkonge. Aliingiza mkono kwa sababu kinga haikuwapo. Kinga haikuwapo kwa sababu ilifunguliwa juzi na haikurudishwa. Haikurudishwa kwa sababu boliti zake huhitaji spana iliyofungiwa karakana. Na hakuna aliyekwenda karakana kwa sababu malipo ya kikundi huhesabiwa kwa uzito wa katani iliyotoka, na dakika 20 za kusubiri spana ni katani isiyotoka. Kila jibu linafungua suluhisho ambalo neno uzembe lingelifunga, na la mwisho linaonyesha kwamba kinga ya mashine wakati mwingine hutengenezwa kwenye meza ya majadiliano ya malipo.

Hatari isiyosubiri barua

Kuna hali ambazo daftari hufungwa kwanza: ukuta unaopasuka, gesi inayovuja, shimo lisiloegemezwa. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka nchini Bangladesh. Benki na maduka yaliyokuwa ndani yake yalifungwa, lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu, ambavyo havikuwa na chama cha wafanyakazi, waliamriwa kurudi kesho yake, na jengo likaporomoka likiwa na maelfu ya watu, zaidi ya 1,100 wakafa. Wengi wao walikuwa wameziona nyufa. Kilichokosekana ni chombo cha kukataa kwa pamoja.

Mkataba Namba 155 unamlinda mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba uhai au afya yake iko katika hatari kubwa ya papo kwa papo, na sheria ya Kenya ya 2007 inamkataza mwajiri kumrudisha mahali penye hatari ya aina hiyo kabla haijaondolewa. Utaratibu unaofaa ni mfupi: watu waondoke eneo la hatari tu na wabaki kiwandani, msimamizi aarifiwe papo hapo mbele ya shahidi, ieleweke kwamba wako tayari kwa kazi nyingine iliyo salama, mkaguzi wa serikali apigiwe simu, na saa ya kila hatua iandikwe. Kukataa kwa namna hii hakupaswi kuchanganywa na mgomo, ambao una taratibu zake.

Kumlinda mwakilishi mwenyewe

Mwakilishi hodari huja kuhamishwa idara, kunyimwa saa za ziada, au kupewa barua ya onyo kwa kosa ambalo jana halikuwa kosa. Sheria ya Kenya inamkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa kulalamikia usalama au kwa kuwa mjumbe wa kamati, na Tanzania Bara kumwachisha mtu kazi kwa kushiriki shughuli halali za chama hakukubaliki kisheria. Haki hizo huwa na muda: mgogoro wa kuachishwa kazi Tanzania Bara hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na anayesubiri huruma ya mwajiri huweza kuzimaliza siku hizo kwenye benchi la mapokezi. Nakala za barua zote zikae ofisi ya tawi, si kwenye kabati la kiwandani, na kila barua muhimu isainiwe na zaidi ya mtu mmoja, ili adhabu isipate kichwa kimoja cha kuangukia.

Kukabidhi

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mwakilishi mali hiyo ni kumbukumbu ya hatari zilizoripotiwa, ahadi zilizotolewa na marekebisho yaliyofanyika. Muda wake unapokwisha, amkabidhi mrithi wake daftari mbele ya kamati ya tawi, wapitie pamoja safu za majibu zilizo tupu, kisha mrithi aanze ukaguzi wake wa kwanza kwa kwenda kuzitazama zile feni mbili za chumba cha brashi kama zinazunguka.